Wiki Tatu za Kabati

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Methali hii inawakumbusha wenye haya kwamba swali halimshushii mtu hadhi. Kimya ndicho kinachoweza kumgharimu, yeye au mwenzake.

Katika chuo kimoja cha ualimu palikuwa na timu ya raga ya wasichana. Jezi walizifua wenyewe, na mazoezi waliyafanya baada ya vipindi. Muhula mmoja alijiunga nao msichana wa mwaka wa kwanza, mwembamba kama ufito, ambaye hakuwahi hata kuushika mpira wa raga. Siku ya kwanza tu alimuuliza kocha kwa nini mpira hurushwa nyuma ilhali kila mtu anataka kwenda mbele. Kesho yake akauliza kwa nini njumu zina meno. Haikupita wiki wakambandika jina Kwanini, likamganda kama kupe.

Nguzo ya timu ilikuwa Kabati, dada wa mwaka wa tatu aliyeitwa hivyo kwa upana wa mabega yake. Wachezaji walipoinamisha vichwa na kusukumana, yeye alikuwa mstari wa mbele. Na baada ya mechi, timu zote mbili zilipoketi kantini kunywa chai na kutaniana, ni yeye aliyeongoza nyimbo, hata wageni wakasahau kuwa wamefungwa.

Ghafla Kabati akaacha kuja kantini. Filimbi ya mwisho ikilia, huyoo, mkoba begani, ametokomea. Nahodha alidai kiburi kimempanda kichwani tangu ateuliwe kwenye timu ya vyuo vyote. Wengine walisema amepata mchumba asiyetaka makelele. Kila mmoja alikuwa na jibu, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.

Majibu hayo hayakumtosha Kwanini. Alikuwa amemwona Kabati akifunga kamba za njumu huku amefumba macho, na Jumamosi moja alimsikia akiuliza matokeo mara mbili. Siku mbili kabla ya fainali, saa nane mchana, alikwenda bwenini akabisha hodi. Alimkuta Kabati amelala, blanketi limetundikwa dirishani, chumba giza totoro.

"Dada, mchana kweupe umejifungia gizani. Una nini?"

Kabati aliinuka akaketi kitandani, machozi yakimlengalenga.

"Wiki tatu hizi, mdogo wangu, wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza."

Akamsimulia. Goti la mpinzani lilimpiga kichwani. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaendelea kucheza. Tangu hapo mwanga ulimchoma macho na kelele zilimgonga kichwa kama nyundo. Kantini aliikimbia siku alipofungua kinywa kuimba akakuta amesahau maneno ya nyimbo alizowafundisha wenzake yeye mwenyewe. Aliona aibu. Tena alihofia kuikosa fainali.

"Na ukigongwa tena kabla hujapona, itakuwaje?" Kwanini aliuliza.

"Sijui."

"Basi twende kwa anayejua."

Muuguzi wa chuo alimsikiliza, akampeleka hospitali saa ile ile. Daktari hakuficha kitu: ubongo ulikuwa umetikisika na haujapona, na pigo jingine lingeweza kumuua. Akamkataza kucheza hadi atakapompa ruhusa.

Fainali ikachezwa bila Kabati, wakashindwa kwa alama mbili. Katika chumba cha kubadilishia nguo nahodha alinung'unika kwamba Kabati angekuwepo kombe lingekuwa lao. Kocha akamkatiza kwa sauti ya chini. Alikiri kuwa yeye mwenyewe alimwona Kabati akiyumba mazoezini, akanyamaza kwa kuliogopa jibu.

"Kombe tutalitafuta tena mwakani," alisema. "Kabati tungempata wapi?"

Nahodha aliinamisha kichwa. Baadaye, jezi ingali na matope, alikwenda bwenini, akavua njumu mlangoni asije akatia kishindo, akaketi sakafuni kando ya kitanda. Alimwomba Kabati radhi kwa kumsengenya, kisha akamuuliza, polepole, maumivu yanaanzia wapi na usiku analalaje. Kabati akamjibu moja baada ya jingine. Wawili hao walikuwa wamecheza bega kwa bega miaka miwili, na jioni ile ndipo nahodha alipoanza kumjua mwenzake.

Hakika, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.