Nani Ampe Jina Mjukuu wa Bi Shemsa?

Sogeeni karibu, na mtu asinikatize, maana leo mahakimu ni ninyi. Pangani palikuwa na watu watatu. Fundi Shaweji alikuwa na ujuzi wa nyaya. Mwanahawa alikuwa na mwili mwembamba na moyo mgumu. Bi Sauda alikuwa na siri.

Aliyewahitaji wote watatu ni Bi Shemsa. Alivunjika nyonga, akalazwa chumba cha juu, ndani ya kuta nene za mawe ambamo hata simu haishiki. Bintiye alijifungua mtoto wa kike huko Maskati, na siku ya saba, alasiri, bibi ndiye wa kutaja jina. Intaneti ilikuwepo, ila iliishia sebuleni, chini. Walipojaribu kutoboa ukuta, chokaa ikamwangukia kitandani. Bi Shemsa akalia, akaapa: "Atakayeniletea uso wa mjukuu wangu humu ndani, yeye ndiye atakayechagua jina. Mimi nitalitamka tu."

Fundi Shaweji akauona waya mnene wa televisheni, aliouvuta marehemu mume wa Bi Shemsa kutoka sebuleni hadi chumbani humo. "Huu unabeba intaneti, mama," akasema. "Kisanduku kimoja chini kwenye ruta, kingine huku juu, basi." Akavifunga. Taa za visanduku hazikuwaka. Waya ulikuwa umekatika mahali fulani, na kupatafuta ni kubomoa nyumba.

Hapo Bi Sauda, mke mwenza, akainamisha kichwa. Wawili hawa wamezeeka nyumba moja wakisalimiana kwa shida.

"Umekatika darini, juu ya chumba changu," akasema. "Niliukata mimi. Mwaka ule mzee alipokuwekea wewe televisheni, mimi nikaambiwa nisubiri."

Bi Shemsa akamkodolea macho. "Miaka ishirini na sita namlaumu panya!"

Dari lilikuwa finyu, fundi hakupenya. Akaingia Mwanahawa, mpwa wa Bi Shemsa, ambaye akisikia tu popo hurukia kitandani kwa woga, na humo popo walijaa tele. Alijifunga kanga kichwani, akatambaa kwa tumbo, akaunga waya huku fundi akimwelekeza kutoka chini. Taa zikawaka.

Mtoto akaonekana kwenye skrini, anapiga miayo. Bi Shemsa akacheka na kulia kwa pamoja.

"Mama, tunasubiri jina," mkwewe akasema kutoka Maskati.

"Mwanaidi, jina la marehemu mama yangu," akasema Fundi Shaweji. "Bila mimi, waya ule ungebaki takataka."

"Lulu," akasema Mwanahawa. "Nani mwingine alilala na popo?"

Bi Sauda akasogea kando ya kitanda. "Mimi sikujaliwa kuzaa. Nikifa, jina langu nalo linazikwa. Mwiteni Sauda."

"Aliyekata ndiye azawadiwe?" fundi akang'aka.

"Angenyamaza, ungeunga wapi?" Mwanahawa akamjibu, ingawa jina lake bado alilitaka.

Bi Shemsa jina la Sauda hajalitamka tangu mwenzake aolewe, humwita "yule". Na akilitoa leo, atalibembeleza na kuliombea dua mpaka siku yake ya mwisho.

Maskati wanasubiri. Bi Shemsa ameshafungua kinywa. Haya, mahakimu wangu: mngekuwa kando ya kitanda kile, mngemwambia atamke jina gani?