Sukari Iliyofungiwa Stoo

Usinikunjie uso kabla hujasoma. Wewe kila kitu unakiita uongo mpaka kikufike mwenyewe. Soma kwanza, ubishi wako utaukuta palepale ulipouacha. Ukimaliza, mpelekee na mwenzio anayepokea mshahara.

Kulikuwa na kiwanda cha chai huko milimani, na mpishi wake aliitwa Bi Atughanile. Kila saa nne asubuhi aliwachemshia chai wafanyakazi mia mbili. Alikuwa amebakiza miaka sita kustaafu, na akiba yake yote ilikuwa mbuzi watatu, mmoja mguu mbovu.

Kiwanda kilikuwa na mfuko wa uzeeni. Ukikatwa shilingi kwenye mshahara, tajiri anakuongezea shilingi. Lakini ili uingie, ujaze fomu ya kurasa nne, upige picha mbili, utafute shahidi, kisha uipeleke ofisini Jumatano saa tano, mashine zikinguruma. Ukiacha mashine, siku yako inakatwa nusu.

Fomu ya Bi Atughanile ilikuwa juu ya kabati la jikoni mwaka wa tatu huo, imeshika masizi. Kila Jumatano alisema wiki ijayo.

Siku moja meneja, Bwana Mwasaka, aliingia jikoni anatabasamu. Bi Atughanile akasimamisha upawa. Mtu yule hakuwa na meno ya bure.

"Kesho tajiri anakuja, mama. Utuletee chai ofisini. Ule mfuko tunaufunga."

"Umekosa nini?"

"Watu. Wameingia kumi na mmoja tu. Wengine hawautaki."

Hawautaki, akawaza. Na Jumatano saa tano aliipanga nani?

Kesho yake aliingia ofisini na chupa ya chai, akawamiminia. Tajiri akapiga funda moja, uso ukajikunja.

"Mama, hii haina sukari."

"Sukari ipo, mzee. Ipo stoo, ng'ambo ya uwanja. Anayetaka aende mwenyewe, akaandike jina."

"Unatutania?" meneja akafoka.

"Leo nimewafanyia hivyo wote mia mbili. Wamekwenda tisa."

Tajiri akaweka kikombe chini. "Kwa hiyo wengine hawapendi sukari?"

"Jana niliwatilia mwenyewe, mzee. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniomba niitoe."

Tajiri akamtazama mpishi, akamtazama meneja. Kisha akacheka peke yake.

"Basi mfuko haufungwi. Kuanzia mwezi huu kila mtu yumo. Asiyetaka ndiye aje kuandika."

"Sawa kabisa, mzee!" meneja akadakia. "Tuwakate asilimia moja ya mshahara, tusiwaumize."

Bi Atughanile alikuwa ameshafika mlangoni. Akageuka. Mtu aliyetaka kuua mfuko jana, leo anauhurumia?

"Mzee, wewe unaongezea mpaka ngapi?"

"Mpaka sita."

"Hapo sasa. Huyu anajua nikiwatilia kijiko kimoja, watakunywa kimoja mpaka wazeeke, na vitano vyako vitabaki kwenye kopo. Andika sita. Anayeona nyingi apunguze. Na karatasi ya kutokea iwe moja tu, hapa mlangoni, siku yoyote. Nisije kusikia mmewafungia watu ndani kwa kurasa nne."

"Mama, wewe hesabu za ofisi huzijui," meneja akasema.

"Sizijui. Watu ndio nawajua."

Akachomoa fomu yake kwenye kanga, ile yenye masizi, akaibwaga mezani mbele ya meneja.

"Hii ni yangu. Miaka mitatu. Na hata siku moja sikusema siitaki."

Meneja akaangalia dirishani. Tajiri akachukua kalamu. Bi Atughanile hakuondoka. Alimsimamia mpaka akaiona ile sita kwa macho yake, na sahihi chini yake. Ndipo akabeba chupa yake, akatoka, akafunga mlango.

Funzo: Ukiambiwa watu hawataki kuweka akiba, kwanza uliza fomu imewekwa wapi na nani, na wewe uliyeandikishwa bila kuulizwa, usifurahi tu kwamba umo, uliza umeandikiwa ngapi.