Nguchiro, Fisi na Kiti cha Pembeni

Hapo zamani za kale, sogeeni wanangu, wanyama walikuwa na nyumba za bati, wakwe wakorofi na majirani wa kuazimana chumvi, na wenye nguvu miongoni mwao walimiliki malori. Usicheke wewe, sikiliza kwanza.

Katika mji mmoja uliokaa juu kabisa ya mteremko wa Mwamba Mweusi, waliishi Nguchiro na Swala, marafiki wa chanda na pete. Nguchiro alikuwa mdogo wa umbo na mwingi wa maneno. Angeweza kumuuzia samaki maji. Swala alikuwa mrefu na mpole, na mbio zake zilijulikana mji mzima. Mama yake hakuwa na mtoto mwingine.

Wote wawili walitaka kuwa madereva wa malori. Na mahali pa kujifunza palikuwa pawili tu: kwa Mzee Fisi au kwa Bi Tembo.

Malori ya Fisi yaling'aa. Mwenyewe alizunguka mitaani na kigari chake kidogo chenye kipaza sauti. "Njoo leo, kesho unashika usukani! Kofia bure, fulana bure!"

Bi Tembo hakuwa na kipaza sauti. Malori yake yalikuwa ya zamani, rangi imebabuka. Ukienda kwake kuomba kazi, anakuuliza kama unajua kufagia. Unafagia yadi kwanza, kisha unajifunza matairi, kisha unakaa pembeni ya dereva masika hata masika, ndipo unapewa usukani.

"Mimi nimezaliwa kukimbia," Swala alisema. "Nikashike ufagio?"

Nguchiro akaenda kunywa chai kibandani wanakokula madereva wote. Aliporudi alisema, "Nimewatazama vizuri. Madereva wa Bi Tembo wana mvi mpaka masikioni. Wa Fisi hata mmoja hana."

"Wa Fisi ni vijana."

"Na vijana wake wa zamani wako wapi?"

"Labda wametajirika wakaacha kazi."

"Au wamegeuka mifupa. Fisi na mifupa unawajua."

Wakacheka wote wawili mpaka wakashikana mabega. Lakini Nguchiro alikuwa na hofu kweli. Tatizo lake, alizoea kusema kila kitu kwa mzaha, hata la kufa na kupona. Laiti angemshika rafiki yake mkono akamwambia, ndugu yangu, naogopa, usiende, huenda Swala angesikia. Hakusema. Asubuhi Swala akaenda kwa Fisi, naye Nguchiro akaenda kufagia kwa Bi Tembo.

Haukupita muda, piiii, piiii! Swala huyo, ndani ya lori jekundu, kofia kichwani. Akasimama kwenye uzio wa Bi Tembo.

"Bado unafagia tu, rafiki yangu?"

"Nafagia. Wewe umefundishwa nini?"

"Kwenda mbele, kurudi nyuma, na siri ya mteremko. Gari likianza kushuka unatoa gia, unaliacha lijiendee lenyewe. Mafuta yanabaki kwenye tangi. Mzee hilo analipenda sana."

"Bi Tembo anasema gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia."

"Ndiyo maana malori yake yanafika watu wameshalala." Swala akacheka kwa upole wake, akampungia mkono, akaondoka.

Wanangu, hakurudi. Kwenye Mwamba Mweusi alitoa gia kama alivyofundishwa. Lori likashuka, vuuu, vuuuuu, breki zikachemka, zikatoa moshi, zikakataa. Yaliyofuata sitawasimulia. Walimleta kwa mama yake amefunikwa shuka.

Siku ya maziko Fisi alikuja na miwani myeusi. Akasimama mbele ya watu, akakohoa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mwisho wa makaburi: "Kijana alikuwa mzuri, ila mzembe. Mbio zake ndizo zilizomponza. Gari langu lilikuwa zima."

Watu wakatikisa vichwa, maana nani hakuzijua mbio za Swala? Toka siku hiyo, hata kisimani wanawake walinong'ona, yule mwana wa mbio, kaua gari la mwenyewe. Mama Swala akaacha kwenda kisimani mchana. Alikuwa amefiwa na mwanawe, na sasa jina la mwanawe nalo linazikwa.

Nguchiro aliona hayo yote. Maneno yakamwishia mdomoni. Alifagia kimya, akala kimya, na waliomzoea wakadhani anaumwa.

Masika ikapita, ikaja nyingine, na hatimaye Bi Tembo akampa usukani. Lakini kabla hawajaondoa gari, Bi Tembo akafungua mlango wa upande wa pili, akapanda. Kwiii! Lori likainama.

"Bibi, na wewe unakuja?"

"Gari ni langu, breki nimezitazama mwenyewe," Bi Tembo alijibu, akajiweka sawa kwenye kiti. "Kama mimi naogopa kulipanda, nikupandishe wewe mtoto wa watu?"

Wakashuka Mwamba Mweusi kwa gia ndogo, nguu, nguu, nguu, polepole kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Nguchiro aliendesha huku machozi yanamtoka. Akafikiri: kumbe ni jambo dogo hivi. Mtu kukaa kwenye kiti cha pembeni, basi. Na Fisi siku zote hufuata nyuma na kigari chake.

Walipofika chini, Nguchiro alikuwa tayari anajua la kufanya.

Siku moja kipaza sauti cha Fisi kikalia tena. Vijana wakajipanga uwanjani kwake, pale pale mteremko unapoanzia: Ngiri, Pundamilia na wengineo, kila mmoja na kofia mpya. Nguchiro akaenda kwa Mama Swala. "Mama, twende ukasimame tu. Usiseme kitu mpaka nikuangalie."

Akafika mbele ya Fisi, akainama mpaka pua ikagusa vumbi. "Shikamoo Mzee. Kwa Bi Tembo nimechoka. Nataka kazi ya wanaume."

"Marahaba, kijana," Fisi akasema, meno yote nje. "Nilijua utakuja."

"Nipime leo hii, Mzee. Hapo chini mjomba wangu anaozesha, wamechinja ng'ombe watatu. Wamenituma nilete mgeni wa heshima, na nimewaza ni wewe."

Fisi akameza mate, gluk. "Tangulia na lori. Nitakufuata na gari langu."

"Ah, Mzee wangu. Atakayeshuka kwenye lori ndiye watakayempa nundu. Anayekuja nyuma na vumbi watajua ni dereva wangu."

Fisi akatazama kigari chake, akatazama lori. Akili ikasema kaa, tumbo likasema panda. Akawaza, nitakuwa naye humo humo, nitamwelekeza mwenyewe. Akapanda. Mlango ukafungwa, pa. Na malori ya Fisi, kwa ubahili wake, mlango wa pembeni ulifunguka kwa nje tu. Kitasa cha ndani kilikuwa kimekatika zamani na hakuna aliyehangaika nacho.

Asichokijua Fisi ni kwamba tangu alfajiri, kabla watu hawajafika, Nguchiro alikuwa ameshasukumia mawe makubwa mbele ya magurudumu ya lori hilo. Lile gari lisingekwenda popote.

Nguchiro akawasha injini, ngrrr, ngrrrr. Mbele yao mteremko ulishuka mpaka macho yakachoka. Akaweka mkono kwenye gia.

"Natoa gia, Mzee."

"Unatoa gia ya nini?"

"Si ndivyo unavyotufundisha? Lijiendee lenyewe, mafuta yabaki."

"Wacha upuuzi," Fisi akasema, akijishika kwenye kiti. "Mteremko huu hauteremkwi bila gia. Weka ndogo kabisa."

"Swala ulimwambia hivyo?"

"Swala alikuwa hajanibeba mimi!"

Nguchiro akaachia breki ya mkono. Pssss. Lori likayumba, likaegemea mawe, na Fisi akadhani limeondoka. Akapapasa mlango, kitasa hakuna. Akatoa kichwa dirishani, akapiga ukelele uliosikika uwanja mzima.

"Nishusheni jamani! Hili halina breki! Zimekufa kama za lile la Swala, nawaambia zimekufa!"

Nguchiro akazima injini. Kisha akamtazama Mama Swala.

Mama Swala akaja mpaka dirishani. Hakupaza sauti. "Kumbe gia unaijua," alisema.

Fisi akarudisha kichwa ndani.

"Na breki ulizijua. Mwanangu hukumwambia."

"Mama, biashara ina mambo yake..."

"Sikukuuliza biashara. Sema mbele ya hawa kwamba hakuwa mzembe."

Fisi akayaona mawe. Akawaona vijana. Akasema kwa sauti ndogo, "Hakuwa mzembe."

"Sema kama ulivyosema makaburini."

Akasema tena, kwa sauti kubwa, na miamba ikarudisha maneno yake. Ndipo Nguchiro akaenda kumfungulia mlango. Ngiri alikuwa wa kwanza kuvua kofia na kuitupa chini. Wote wakafuata, wakaondoka mmoja mmoja bila kumuaga mwenye gari.

Watu walitaka kumbeba Nguchiro juu juu, wakamsifu kwa werevu. Yeye akajitoa mikononi mwao, akakaa chini vumbini karibu na Mama Swala.

"Umenirudishia jina la mwanangu," mama akasema.

"Mimi nilijua, mama. Nilijua kabla hajaenda, nikafanya mzaha. Nikacheka naye."

Mama Swala akamshika bega. Akaketi kando yake, akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga yake. "Basi lia," akamwambia. "Tulie wote." Wakalia hapo juu ya mteremko, na hakuna aliyewaharakisha.

Hadithi yangu imefika kituoni, wanangu, na neno lake ni hili: anayekukabidhi usukani wa gari lake, mwombe kwanza akae kiti cha pembeni.