Joho la Sultani Mansabu na Nondo wa Milango Mitano

Alikuwako Sultani Mansabu bin Ghalibu, mwenye mji wa Zumbani, na mji huo ulikuwa na malango manne na misikiti kumi na miwili, na Sultani alikuwa na mali na askari na farasi, lakini usultani wenyewe haukukaa katika mali wala askari wala farasi, ulikaa katika joho. Joho hilo lilikuwa la sufu ya mbuzi wa nchi za baridi, jekundu kama punje za komamanga, na fundi aliyelitia rangi alikufa bila ya kumwambia mtu aliichanganyaje, hata hakukuwa na uzi mwingine wa rangi ile duniani. Kila mwaka siku ya Idi Kubwa Sultani alilivaa barazani na wajumbe wa miji saba wakaja kumbusu mkono. Na ilikuwa sharti kwamba joho likikosekana, au likionekana na tundu hata moja, wajumbe hugeuka na kwenda zao, na yeyote atakayetokea nalo ndiye Sultani. Wapo wasimuliaji watakaokuambieni kwamba joho hilo liliruka angani na kusema lugha za ndege. Hao ni waongo. Joho ni nguo. Mimi nakupeni yaliyokuwa.

Na ada ya Zumbani ilikuwa hivi: mkono mtupu haugusi joho. Baraza ikiisha, Waziri Kabuli alilivua mabegani mwa Sultani kwa kitambaa cheupe, akaenda nalo chumba cha pembeni, akalifunga ndani ya kitambaa kilekile, akamkabidhi mtunza kasha, na mtunza kasha akalitia kashani bila ya kulifungua, akapiga kufuli, na kila Alhamisi akafukiza udi. Mtunza kasha alikuwa Raya binti Hamadi, mjane wa miaka thelathini, mwenye macho mazuri na ulimi mkali, na kazi hiyo aliirithi kwa mama yake.

Basi siku tatu kabla ya Idi kasha lilifunguliwa mbele ya Sultani, na kitambaa kikakunjuliwa, na joho likaonekana lina matundu kama chekecheke, na nondo wamekufa juu yake, wale wadudu wadogo wa kijivu, kiasi cha kujaa gao moja la mkono.

Waziri Kabuli akajipiga kifua. "Nondo, Maulana! Mwanamke huyu ameacha kufukiza, wadudu wamekula usultani wako!"

Sultani akasema, "Raya, una la kusema?"

"Maulana, udi nimefukiza mpaka paka wangu ananukia bibi harusi. Ila matundu nayaona, na macho yangu hayana kasoro."

Sultani akaapa mbele ya baraza nzima, "Siku ya Idi ama joho litakuwa zima mabegani mwangu, ama kichwa chako hakitakuwa mabegani mwako." Na Raya akafungiwa chumba cha kando ya baraza.

Sasa alikuwako katika mji huo mshona viraka jina lake Mshamu Kombo, mtu wa miaka arobaini, na kazi yake ilikuwa kuziba matundu ya nguo za watu mpaka mwenye nguo asijue palipotoboka. Mshamu alikwisha kumposa Raya mara mbili, na mara zote mbili alirudishwa, na mara ya pili Raya alimwambia kwa kicheko, "Mshamu, wewe utanitia kiraka." Habari za kasha zilipomfikia asubuhi ya pili chakula kilimshinda, akaketi kushona huku akili haipo, na sindano ikamchoma kidole mara nne. Akatafuta kastabani ya kukinga kidole, akakosa, mpaka akapapasa bitana ya koti kuukuu alilolinunua mnadani, na humo akakuta kastabani ya shaba, imezibwa kwa nta. Akaitoboa nta kwa jino, na moshi ukatoka, mchache, kama wa mshumaa uliopulizwa, na mbele yake akasimama jini mwenye kimo cha jogoo, wa kijivu, amejaa vumbi.

"Amri yako, bwana wangu!" akasema jini. "Mimi ni Ghubari. Lakini nakwambia mapema tusije tukagombana: kasri sijengi, dhahabu sina, na mabinti wa wafalme siwabebi, mgongo unaniuma."

"Jini gani wewe?"

"Jini aliyechelewa. Nabii Suleimani alipotugawia viumbe vya kuvitawala, wenzangu waliwahi wakapewa simba na papa na tai. Nilipofika mimi palibaki kabila moja la nondo, tena wale wadogo."

Mshamu akashika tama. "Nilijua tu. Wenzangu wakipata jini hupewa mji. Mimi napewa mchunga nondo." Mara akasimama, na koti likamwanguka. "Umesema nondo?"

Akamrudisha jini ndani ya kastabani na kwenda mbio mpaka barazani, akapiga goti, akaomba aruhusiwe kuwahoji wadudu. Waziri Kabuli akacheka, akasema, "Tangu lini mshona viraka akawa kadhi?" Lakini Sultani alikuwa na siku mbili na hana shauri jingine, akasema, "Na ahoji."

Ghubari akatoka, akapanda mkekani, akatoa salamu ndefu za kiheshima ambazo nazikata, kisha akasema, "Maulana, kabila langu ni moja lakini lina milango mitano, na ajuaye nondo mmoja tu hajui nondo. Kuna mlango wa ghala, hao hula nafaka. Kuna mlango wa viota, hao hula manyoya ya ndege. Kuna mlango wa mapango, hao huishi kwa kinachoanguka kutoka kwa popo, na tusiwaseme sana. Kuna mlango wa pembe, ambao hukaa katika pembe za wanyama waliokufa na kuzitafuna, na vijumba vyao hutokeza juu ya pembe kama vidole. Na kuna mlango wa wabeba nyumba, hao ndio wa nguo. Kiwavi wao hujifumia kijumba cha nyuzi za kile anachokula, na hutembea nacho mgongoni, na humo hulala na kuamka." Wenye elimu huwatia hao wote katika fungu moja na kulipa jina refu la kigeni, jina hilo niliwahi kulishika kwa siku nzima.

Kisha jini akainama juu ya nondo waliokufa, akawageuza mmoja mmoja, na uso ukamharibika. "Hawa wana madoa ya mlango wa ghala. Maskini, hawajawahi kuonja nguo maishani mwao. Wamechotwa kwenye mtama na kumwagwa hapa."

Baraza ikanong'ona. Ghubari akapiga ubinja, na viwavi watatu wa mlango wa nguo wakatoka katika zulia la Sultani mwenyewe, akawaweka juu ya joho. Wakaonja, wakageuka, wakashuka.

"Wanasema nini?" akauliza Sultani.

"Wanasema hawali pamba, Maulana. Sisi hula kilichotoka kwa mnyama: sufu, nywele, manyoya. Hii ni pamba iliyotiwa rangi ya kuigiza, na matundu haya ni ya mkasi."

Sultani Mansabu akasimama, na mbele ya watu wote akanyoosha mkono mtupu, jambo ambalo baba yake hakulifanya wala babu yake, akalishika joho, akalifikicha. "Pamba!" akasema kwa sauti ndogo. "Pamba kama shuka langu."

Waziri Kabuli hakupoteza muda. "Basi sasa ni wizi, Maulana, na ufunguo wa kasha anao nani? Mwanamke ameliiba la kweli akaweka la uongo!"

Raya akaletwa, akasema, "Waziri, mimi nilipokea kitambaa kilichofungwa, na nilikipokea mikononi mwako."

"Shahidi wako nani?"

Raya hakuwa na shahidi. Ndipo Mshamu akamwambia jini, "Ghubari, kijumba cha kiwavi huwa na rangi ya alichokula, sivyo? Waite wote wa mlango huo walioko Zumbani."

Wakaitwa, na baraza ikangoja tangu asubuhi hata alasiri, kwa maana viwavi si farasi. Wakaja kwa mistari juu ya mkeka mweupe, kila mmoja na nyumba yake mgongoni. Wakaja wenye vijumba vyeupe kutoka katika mablanketi, na wenye vijumba vya buluu kutoka katika mazulia ya wafanyabiashara, na wenye vijumba vyeusi walioshuka katika joho la Kadhi, naye Kadhi akajikunja na kutazama dari. Wote wakapita, na mwekundu hakuwamo. Waziri akaanza kujifuta jasho na kutabasamu, na Sultani akaanza kumtazama Raya kwa huruma, na huruma ya namna hiyo haimfai mtu.

Lakini Raya alikuwa ameinamisha macho, basi ni yeye aliyeona. "Waziri," akasema, "usisogeze mguu. Utamkanyaga shahidi wangu."

Na kweli, kando ya kiatu cha Waziri Kabuli kiwavi alikuwa akitambaa, na kijumba chake chekundu kama punje ya komamanga. Nyuma yake akashuka wa pili kutoka katika upindo wa kanzu, na wa tatu, na wa kumi. Askari wakamvua Waziri joho lake, wakamvua na kanzu, na chini yake alikuwa amevaa joho la Sultani. Mwaka uliopita, katika chumba cha pembeni, alifunga la pamba kitambaani na hili akaondoka nalo. Aliogopa kuliacha nyumbani lisiibwe, kwa maana wezi huwaogopa sana wezi, na tena alikuwa akijizoeza, ili siku ya Idi wajumbe watakapomgeuzia Sultani mgongo, yeye atokee nalo. Akapelekwa gerezani na shati lake la ndani, na habari zake zinaishia hapo.

Sultani akalikunjua joho la kweli, na furaha yake ikakatika. Kwa mwaka mzima Kabuli hakulifukiza udi, asije akanukia kama kasha. Lilikuwa na matundu kumi na moja, wala Waziri hakuyajua.

"Raya," akasema Sultani, "wizi huna. Lakini wajumbe waja kesho kutwa, na niliapa joho liwe zima, na mji wote umesikia. Kiapo changu kikianguka, nitatawala kwa lipi?"

Mshamu akalitazama lile joho, kisha akawatazama viwavi wekundu juu ya mkeka. "Maulana, uzi haukupotea. Umehama tu. Wamevaa wao."

Ghubari akaruka. "Hapana! Kijumba ndiyo nguo ya kiwavi na ndiyo nyumba yake. Ukimvua anakufa kabla ya jua kuzama. Siwezi kuwaamuru watu wangu wafe."

"Waamuru wahame. Wakipewa sufu nyingine?"

Jini akawauliza, wakajibu kwamba watahama, ila wataipata wapi sufu laini kama ile katika mji wa joto? Ndipo Raya akasema, "Kwangu kuna shali la kijani la mama yangu. Ndilo nililolihifadhi kwa udi miaka yote, hata mimi sijalivaa." Likaletwa, naye akalikata kwa mkono wake vipande vidogo, wala hakulia, ila alikata polepole. Viwavi thelathini na watatu wakaingia katika sufu ya kijani, na nyuma yao wakaacha vijumba thelathini na vitatu vyekundu.

Mshamu akavichambua vijumba hivyo uzi kwa uzi, na Raya akazisokota zile nyuzi pajani mwake, na kwa siku mbili wakakaa mkabala, yeye akisokota na huyu akifuma kwa sindano nyembamba kama unywele.

"Taratibu, mshona viraka," akasema Raya. "Ukikosea hapo ni shingo yangu."

"Ndiyo maana sipumui, binti Hamadi."

"Pumua. Ukizimia atafuma nani?"

Siku ya Idi joho likawa zima. Mjumbe wa kwanza akalisogelea, akalikagua mshono kwa mshono mpaka pua yake ikaligusa, akasema, "Mwaka huu naliona linang'aa zaidi," akabusu mkono wa Sultani, na sita waliobaki wakafuata. Raya akaachiwa huru mchana huohuo, na Mshamu akapewa nyumba ya Kabuli na mashamba yake yote ya mitende.

Akamposa mara ya tatu. Raya akasema, "Nimekata shali la mama yangu kwa ajili ya viwavi. Kuolewa nawe halitakuwa jambo gumu zaidi." Wakaoana, na harusi ikaliwa siku saba, na Ghubari akaketi juu ya meza ya wageni wa heshima, akalalamikia mgongo. Na Sultani akatoa amri kwamba tangu mwaka ule joho liguswe kwa mkono mtupu kila Alhamisi, na Raya aliguse wa kwanza.

Hivyo ndivyo nilivyoipokea, na nilichoongeza ni kidogo, wala sitasema ni kipi. Mafunzo yake ni haya: mkikiheshimu kitu hata hamthubutu kukigusa, mwizi wake hana haja ya kufanya haraka.