Kikombe cha Tatu

Wanasimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Yemen aliishi mtarjumani mcha Mungu, Mundhiri bin Asadi. Yeye na mkewe kipofu, Bi Rumaisa, walikaa katika nyumba ya tajiri wa ubani aitwaye Harithi, ambaye Mundhiri alimtumikia.

Desturi ya mji ule ilikuwa kwamba mnunuzi akinywa kikombe cha tatu cha kahawa ya muuzaji, biashara imefungwa.

Siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Uchina na shehena ya hariri, ndiyo mali yake yote. Harithi akataka hariri yote kwa ubani wake; mgeni akautazama ubani, akasema kwa ulimi wa Mundhiri kwamba atajibu kesho. Harithi akamimina kahawa mara tatu. Kwao mgeni yule, kukataa kinywaji cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, basi akanywa. Mundhiri aliyajua ya pande zote mbili. Akanyamaza.

Kesho yake Harithi akaidai hariri, wakafikishana kwa kadhi. Njiani Harithi akamwambia Mundhiri, "Mzee wangu, sikuombi uongo. Sema tu alikunywa. Bi Rumaisa ameizoea ile nyumba, kuta zake anazijua kwa vidole."

Kadhi akauliza, "Alikunywa?"

"Alikunywa, Allah akuhifadhi," akajibu Mundhiri. "Lakini hakujua maana yake. Mimi nilijua, na nilikaa baina yao nikanyamaza. Niliihofia nyumba."

Kadhi akabatilisha mauzo, kisha akasema, "Nawe hutatarjumu tena katika mji huu. Uliaminiwa na wawili, ukamkhini mmoja. Mwambie mgeni maneno haya, yote, kwa lugha yake."

Mundhiri akayatarjumu, hakupunguza hata neno. Mgeni akamtazama, akaondoka bila kumuaga.

Kabla ya Alasiri mikeka yao ilikuwa imetupwa nje. Bi Rumaisa, ambaye usiku mumewe alimsimulia yote, alikuwa amekaa kizingitini.

"Ulimwambia kadhi na la kunyamaza kwako?" akauliza.

"Nilimwambia."

"Basi nipe mkono, mume wangu. Huko tuendako sikujui."

Mwaka haukwisha, Bi Rumaisa akafariki barazani mwa msikiti, na Mundhiri akamzika kwa sanda ya sadaka. Hakusikika akijutia alichokisema. Alijutia siku moja aliyochelewa kukisema.

Ndugu zangu, wengi wetu huungoja ukweli uulizwe. Tumuombe Allah atujaalie kuusema kikombe kingali mkononi.