Kificho Hukata Kuliko Kisu

Kificho hukata kuliko kisu. Mmesikia mama mmoja akiambiwa hivyo kwa kumdanganya mwanawe, mkataka kujua maneno haya yalitoka wapi. Chimbuko lake ni hili.

Katika vilima vya Rungwe aliishi mkulima wa chai aitwaye Ambakisye, aliyefiwa na mkewe, na binti yake mdogo, Atuganile. Siku moja mtoto alijikwaa jikoni, mkono wake wa kuume ukatumbukia kwenye sufuria ya uji uliokuwa ukichemka. Kidonda kilipona, lakini vidole viligandana na kujikunja kiganjani. Daktari wa hospitali ya misheni alisema upasuaji ungevitenganisha, mradi usicheleweshwe. Vinginevyo mkono ungelemaa.

Ambakisye alimpenda mwanawe, na kwa mapenzi hayo akamdanganya. Alimwambia wanakwenda kumsalimu shangazi. Atuganile akavaa gauni la Jumapili, akaimba njia nzima. Alipojikuta amelazwa kitandani, watu waliofunika nyuso wakimshika miguu, alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, akatapika. Upasuaji ukaahirishwa. Tangu hapo, baba akimwita waende popote, hata kisimani, alijificha uvunguni.

Waliporudi hospitali baada ya miezi kadhaa, Ambakisye alikuwa amembeba huku mtoto akimpiga mateke. Muuguzi wa dawa ya usingizi, Sekela, akamwomba amshushe. Hakumgusa mtoto. Aliketi sakafuni, akaweka kati yao kifuniko cha mpira ambacho mgonjwa huwekewa puani avute dawa ya usingizi, akamweleza kwamba kina harufu kali kidogo, na kwamba wale waliofunika nyuso ni watu, mmoja wao ni yeye. Akavaa barakoa, akaivua, akaivaa tena. Baada ya kitambo Atuganile alikichukua kile kifuniko, akamfunika nacho baba yake puani. Ambakisye, na mvi zake, akavuta pumzi kwa utii mbele ya wagonjwa wote.

Kisha mtoto akamtazama. "Baba, watanikata?"

Ambakisye akamgeukia Sekela. Sekela akamwashiria ajibu mwenyewe.

"Watakukata, mwanangu," akasema. "Utakuwa umelala, hutasikia kitu. Lakini ukiamka mkono utauma. Utalia."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Mlangoni. Ndani hawaniruhusu. Ukitoka utanikuta."

Ambakisye alingoja kelele zianze. Atuganile alifikiri, kisha akauliza kama anaweza kwenda kwa miguu yake badala ya kubebwa. Sekela akamkubalia. Mtoto yule akaingia mwenyewe, akapanda kitandani, akajiwekea kifuniko puani kwa mkono wake mzima. Hata daktari, aliyezoea mengi, alisimama kidogo akimwangalia.

Alipoamka mkono uliuma, naye akalia kama alivyoambiwa. Ila alilia akiwa amemwegemea baba yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi. Bandeji zilipofunguliwa, vidole vilinyooka, kimoja kimoja.

Siku ya kuondoka, Ambakisye alimsikia mama wa kitanda cha jirani akimwambia mwanawe kwamba wanakwenda kununua pipi tu. Akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mwambie kweli, dada, ukiwa umemshika mkono. Kisu cha daktari kilimuumiza wangu kwa siku chache, kikamponya. Uongo wangu ndio uliomfanya anikimbie. Kificho hukata kuliko kisu."