Wimbo wa Mashavu Barabarani

Hadithi inabisha hodi!
— Ifungulieni!
Imejaa vumbi la njiani!
— Ipanguseni, ikae!

Haya. Na wewe unayetafuna, tafuna kimya, maana hii ina msiba ndani.

Palikuwa na Fisi mwenye lori, na palikuwa na Mama Fuko, aliyekaa na wanawe kando ya barabara ya lami. Fisi akienda, vuuu! Akirudi, vuuu! Akimgonga mnyama, hashuki kuomba radhi. Hushuka kuokota kitoweo.

Siku moja akamgonga Mashavu, binti mkubwa wa Mama Fuko, akamla palepale. Mama hakubakiwa hata na unywele wa kuzika. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Na wale wadogo zake Mashavu lazima wavuke, maana mizizi ya kula iko ng'ambo.

Mama Fuko haoni, lakini ardhi anaisikia kuliko sisi sote. Mchana, jua likilainisha lami na Fisi kalala kashiba, akachimba mifereji kukata barabara, kwaruu, kwaruu, huu mpana, huu mwembamba, akiifuatisha na wimbo aliokuwa akimbembelezea Mashavu. Moyo unamuuma, anachimba. Kucha zinatoka damu, anachimba.

Fisi akaja, vuuu! Magurudumu yakapita juu ya ile mifereji, barabara ikapiga ukelele, kwiii! Akafunga breki, akafoka, akataka kujua nani kamharibia njia.

Mama Fuko akatoa pua shimoni, akamwamkia kwa adabu. "Ni barabara inakuimbia sifa zako, Bwana, ila umeikimbia. Tangu lini anayeimbiwa ngomani akaenda mbio?"

Fisi akaona haya. Kweli bwana, ngomani mwenye kuimbiwa huja polepole, kifua mbele, watu wamwone. Akarudi nyuma, akapita tena mdogomdogo. Barabara ikavuma, mmm, mm-mmm. Fisi akaupenda ule wimbo hata machozi yakamlengalenga.

Basi tangu hapo, akienda, taratibu. Akirudi, taratibu. Kafumba jicho moja, anajisikiliza anavyosifiwa. Na watoto wa Fuko wanavuka mbele ya magurudumu yake, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Fisi hana tena cha kuokota, akakonda, lakini mbio hakwenda, kwa kupenda sifa.

Akawa anaimba na yeye, mmm, mm-mmm, kwa sauti yake nzito. Mama Fuko hukaa mlangoni kwake akamsikiliza. Asubuhi na jioni yule aliyemla mwanawe anapita akimbembeleza Mashavu, wala hajui. Mama hakupata kaburi, hakupata matanga. Alipata hayo.

Hadithi hii yatufunza nini? Yatufunza kwamba barabara ni mali ya wote, tusiichimbechimbe. Na mwenye lori asicheleweshwe.

Hadithi inaaga!
— Ipite taratibu!